Maandishi Ukutani: Ni Sanaa au Ni Uharibifu?

Mwaka jana, wiki moja kabla ya sikukuu ya somo wa parokia, tulipaka chokaa ukuta wa shule unaoelekea barabara. Parokia hiyo ni moja kati ya zile za mji wetu wa Kisangani. Jina lake si kitu hapa. Chokaa ilinunuliwa kwa sadaka za jumuiya, na akina mama walichota maji tangu alfajiri. Jioni ukuta ulikuwa mweupe hata mtu aliye mbali aliuona. Asubuhi ya Jumatatu tukakuta mtu ameuchora kwa makaa. Alichora mashua kubwa ya mbao, kama zile zipandazo na kushuka mto wetu, imejaa magunia na watu, na juu ya paa lake mbuzi wawili na baiskeli moja.

Wazee wa parokia walikasirika, na mimi nilikasirika kuliko wote. Sikuuliza kama mchoro ni mzuri au mbaya. Niliuliza tu: "Nani amefanya uharibifu huu?" Mvulana mmoja wa darasa langu la kipaimara, mwenye miaka kumi na mitano, hakujificha. Akasema, "Ni mimi, Mwalimu." Nikampa ndoo, brashi na chokaa iliyobaki. Kabla ya saa nne mashua haikuonekana tena.

Siku ya tatu mzee mmoja, fundi wa mashua anayefanya kazi ukingoni mwa mto, alinisimamisha njiani. "Mwalimu, ile picha imekwenda wapi? Nilipopita Jumatatu alfajiri nilisimama kuitazama. Aliyeichora anajua mashua. Mbao zimepangwa kama tunavyozipanga sisi, na mzigo umezidi upande wa nyuma, ndivyo zinavyozama. Nilitaka kumleta kijana ninayemfundisha kazi aione." Sikuwa na la kujibu. Mimi niliyeutazama ukuta ule kwa hasira sikuona mbao wala mzigo. Niliona makaa juu ya chokaa, basi.

Tangu siku ile najiuliza swali ambalo watu huliuliza mahali pengi duniani: michoro na maandishi ya ukutani, yale yaitwayo grafiti, ni sanaa au ni uharibifu? Napenda tulichunguze pamoja, kwa maana naona wengi wetu twalijibu upesi, kama mimi nilivyolijibu kwa ndoo.

Maswali mawili yaliyofungwa pamoja

Neno grafiti latoka Italia, na maana yake ya kwanza ni mikwaruzo. Siku hizi hutumika kwa kila kitu kiandikwacho au kuchorwa ukutani mbele ya macho ya wapita njia, na mara nyingi bila ruhusa: jina lililoandikwa kwa haraka, tusi, kilio, au picha kubwa yenye rangi nyingi.

Anayesema "ni uharibifu" anautazama ukuta. Ukuta una mwenyewe. Alinunua matofali na saruji, akamlipa mwashi, akakopa fedha za bati. Anayesema "ni sanaa" anautazama mchoro. Anaona mkono uliojifunza, jicho lililoona, na neno lililotaka kutoka. Wawili hawa wanabishana mchana kutwa wala hawasikilizani, kwa sababu hawazungumzi habari ya kitu kimoja.

Basi tupambanue. Swali la kwanza ni la haki: ukuta huu ni wa nani, naye alikubali? Swali la pili ni la kazi yenyewe: je, imefanywa vema? Tulipokuwa seminari tulifundishwa fikira ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino, kwamba sanaa ni akili iliyonyoka katika kutengeneza vitu, na kwamba fundi husifiwa katika ufundi wake kwa ubora wa kitu alichokitengeneza, wala si kwa nia aliyokuwa nayo. Mwizi wa mbao aweza kuwa seremala hodari. Uzuri wa kiti chake haumtoi hatiani, na wizi wake hauvunji miguu ya kiti. Mwenye mbao ana haki ya kudai mali yake. Lakini akisema kiti kimepinda, naye hakikupinda, atakuwa amesema uongo.

Hivyo maswali haya mawili huzaa aina nne za kazi: yenye ruhusa na nzuri, yenye ruhusa na mbaya, isiyo na ruhusa na mbaya, na isiyo na ruhusa lakini nzuri. Tatu za kwanza hazitusumbui sana. Ni ile ya nne inayotugombanisha, na mashua ya kijana wetu ilikuwa mojawapo.

Tutembee mjini

Twende pamoja, msomaji, kutoka Makiso mpaka Mangobo, tukisoma kuta kama mtu asomavyo gazeti.

Kwanza twaona kuta zilizopakwa rangi za kampuni za simu na za bia. Nyumba nzima, toka msingi hadi bati, imekuwa rangi moja yenye jina moja. Mwenye nyumba alikubali, na hakuna aitaye kazi hiyo uharibifu. Lakini je, ni nzuri? Kwa macho yangu, hapana. Hakuna kilichotazamwa wala kilichofikiriwa. Jina lile lile limepigwa nyumba hii na ile, hata mgeni hawezi kuelekezwa njia kwa nyumba. Ruhusa ipo, sanaa haipo.

Kisha twafika kwa kinyozi. Mlangoni pake vimechorwa vichwa vitano, kila kimoja na mkato wake wa nywele. Shingo ni nene mno na masikio hayalingani, lakini kila kichwa kina uso wa mtu, na mteja hunyoosha kidole akasema, "Ninyoe kama huyu." Tusidharau kazi za namna hii. Chéri Samba, ambaye leo picha zake zimo katika majumba makubwa ya sanaa ya Paris na New York, alianza Kinshasa kama mchoraji wa mabango ya biashara, akafungua karakana yake mwaka 1975. Desturi yake ya kuweka maneno ndani ya picha ni desturi ya bango: mpita njia ana haraka, basi picha imsimamishe na neno limweleze.

Tukiendelea twasoma maandishi makubwa kwenye ukuta wa lupango: kwamba mahali hapa hapauzwi. Kila mkaaji wa miji ya Kongo ayajua. Mwenyewe ameandika kwa mkono wake, kwa hofu ya matapeli wauzao ardhi isiyo yao, au kwa hofu ya ndugu wa ukoo ambao wangeuza urithi wakati wenziwe hawapo. Hapa hakuna pambo lolote. Hata hivyo ni maandishi ya kweli kuliko mengi: yanasimulia habari za mji wetu, za karatasi zisizoaminika na za ndugu wasioaminiana. Na upande wa pili wa barabara pengine tutaona msalaba mwekundu na neno la Kifaransa la kuamuru nyumba ibomolewe. Huo ni mwandiko wa serikali. Nao umeandikwa juu ya ukuta wa mtu pasipo kumwomba ruhusa. Serikali yaweza kuwa na haki, kama nyumba ilijengwa juu ya mfereji. Nakumbusha tu kwamba si vijana peke yao waandikao juu ya kuta za wengine.

Mwisho twakuta uchafu mtupu: jina la kikundi cha vijana lililopigwa juu ya lango la zahanati, na jina la binti pamoja na tusi. Hapa sina haja ya kubishana na mtu. Jina la binti likiandikwa ukutani pamoja na tusi, chokaa yaweza kuuponya ukuta, lakini binti atapita barabara hiyo mwaka mzima akiinamisha kichwa. Na jina lililopigwa mara hamsini kwa mkono wa haraka lasema neno moja tu, "Mimi nipo," wala halisemi zaidi. Anayetaka kuitetea grafiti asianze kwa kutetea haya.

Ukuta wa mwaka 2000

Lakini ziko kuta nyingine katika mji wetu, na sikuzisahau nilipokuwa nikiandika. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana hapa Kisangani, katikati ya watu. Wajumbe wa Umoja wa Mataifa walihesabu raia zaidi ya 760 waliouawa, na wapatao 1,700 waliojeruhiwa. Nyumba zaidi ya 4,000 zilibomoka au ziliharibika, na katedrali yetu nayo ilipigwa. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vya miaka ile, na madhara ya Kisangani yalikuwa miongoni mwake. Huo ulikuwa uharibifu wa kuta hasa, tena wa watu waliokuwa nyuma ya kuta. Tukitumia neno hilo moja kwa mzinga na kwa kipande cha makaa, tujue kwamba tunapima gunia na punje kwa kipimo kimoja.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa siku sita katika chumba cha ndani, upande wa Tshopo, tumelala sakafuni. Dada yangu mkubwa alichukua kipande cha makaa jikoni, na kila jioni alipiga mstari mmoja ukutani ili tusipoteze hesabu. Kando ya kila mstari alichora tulichokula siku hiyo: siku ya kwanza sufuria, siku ya pili ndizi, siku ya nne kikombe cha maji. Vita vilipokwisha baba alipaka chokaa nyumba nzima, akaruka sehemu ile, upana wa mikono miwili. Hakutueleza sababu, nasi hatukumwuliza.

Miaka mingi baadaye nyumba iliuzwa, na mwenyewe mpya akapaka kuta zote. Alikuwa na haki. Ukuta ni wake, na mistari ile kwake ilikuwa takataka za watoto. Hakuna awezaye kumlaumu. Hata hivyo mama alipopata habari hiyo alinyamaza siku nzima. Ndipo nilipotambua kwamba mtu aweza kutenda haki kabisa, na bado kitu cha thamani kikapotea mikononi mwake. Anayejua kwamba kimepotea si sawa na asiyejua.

Mashahidi wa zamani

Pengine msomaji atasema: "Mambo haya ya kuchora kuta ni desturi ya kigeni ya vijana wa siku hizi." Sivyo. Ni ya zamani, na kwetu pia.

Uele, ambayo hadi 2015 ilikuwa mkoa mmoja nasi, Wamangbetu walipaka kuta za nyumba zao kwa maumbo ya pembe na mistari. Kijiji cha Ekibondo kilisifiwa sana kwa nyumba zake, na wageni wengi wa wakati wa Wabelgiji walikwenda kukipiga picha. Huko mwenye ukuta na kazi yake walikuwa kitu kimoja, wala hapakuwa na ugomvi.

Kusini, Katanga, kuna habari nyingine yenye mafundisho. Mwaka 1926 Georges Thiry, Mbelgiji mtumishi wa serikali ya koloni, aliona huko Bukama nyumba zenye kuta zilizochorwa. Mchoraji alikuwa Albert Lubaki, mchongaji wa pembe za ndovu. Thiry akampa karatasi na rangi za maji, na mwaka 1929 picha zake zilionyeshwa Brussels. Watu wakaziita sanaa. Tujiulize: ni nini kilichobadilika? Mkono ulikuwa ule ule wa Bukama. Karatasi haikumfundisha Lubaki kuchora. Kilichobadilika ni mahali na mtazamaji. Kwa hiyo anayesema kwamba mchoro wa ukutani hauwezi kuwa sanaa kwa kuwa uko ukutani, amehukumu ubao asihukumu picha.

Tukienda pwani ya Waswahili, Kilwa na Gedi, twakuta majahazi yaliyokwaruzwa kwenye lipu ya majumba ya kale. Hayakuwa mapambo ya fundi mjenzi. Ni mikwaruzo ya watu waliojua bahari. Leo wataalamu huinama mbele ya mikwaruzo hiyo wakijifunza umbo la matanga na ubavu wa vyombo ambavyo mbao zake zilioza karne nyingi zilizopita. Niliposoma habari hizi nilimkumbuka yule fundi wa mashua, aliyetaka kumfundisha kijana wake mbele ya ukuta wetu. Wataalamu wanafanya jambo lile lile, ila wao waliukuta ukuta haujapakwa.

Na Roma? Kwenye kilima cha Palatino iligunduliwa mwaka 1857 grafiti ya Wapagani kumdhihaki Mkristo mmoja, Aleksameno: mtu amesimama kuabudu, na juu ya msalaba yuko mwenye kichwa cha punda. Ni tusi, tena limechorwa vibaya. Lakini mahali pa Mtakatifu Sebastiano, njia ya Appia, yako mamia ya maandishi yaliyokwaruzwa na mahujaji wa karne za kwanza, wakiwaomba Petro na Paulo wawakumbuke. Chombo kilikuwa kimoja, ncha kali juu ya lipu. Mmoja aliandika dhihaka, wengine waliandika sala. Basi kukwaruza ukuta peke yake hakujatuambia bado kama jambo ni jema au baya. Yatupasa kusoma.

Lakini nawaomba vijana wasichukue maneno haya kama ruhusa. Anayekwenda leo kuandika jina lake juu ya kuta za Gedi anaharibu urithi wa watu wote. Yule wa kale aliandika katika nyumba za wakati wake. Huyu wa leo anaandika juu ya kitabu ambacho hakiwezi kuchapwa tena.

Mizani tatu

Tukiisha kuliweka kando swali la ruhusa, tuupimeje mchoro? Mimi natumia mizani tatu: mkono, kweli na mahali. Mkono, yaani je, mchoraji anajua kazi? Kweli, yaani je, ameona kitu kilivyo na kukisema? Mahali, yaani je, ulipaswa kuwa hapa, mbele ya watu hawa?

Tujaribu mizani hizi kwa kazi mashuhuri. Mwaka 2012, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi wa Kenya, kundi la wachoraji vijana pamoja na mpiga picha Boniface Mwangi walichora usiku, karibu na Soko la Jiji la Nairobi, picha kubwa ya mwanasiasa aliyevaa suti, na kichwa chake ni cha tumbusi, ndege mla mizoga. Kwa mizani ya mkono imefaulu: mtu aliye katika gari aliielewa kabla gari halijapita. Kwa mizani ya mahali imefaulu pia: pale sokoni hupita muuza nyanya na wakili, na wote wawili ndio wapiga kura. Kama ingetundikwa katika nyumba ya maonyesho wangeiona wale wasioihitaji. Kwa mizani ya kweli ninasita kidogo. Kenya ilikuwa imetoka katika mauaji yaliyofuata uchaguzi wa 2007, na hasira ile ilikuwa na sababu. Lakini tumbusi hula kilichokwisha kufa. Anayewachora wakubwa wote kama tumbusi amewachora raia kama mzoga, na raia si mzoga. Yeye ndiye aliyewachagua, na aweza kuwaacha. Picha yasema kweli juu ya wakubwa na kupunguza kweli juu yetu. Hata hivyo ni sanaa, kwa maana yastahili kubishaniwa. Rangi ya kampuni ya simu haibishaniwi na mtu.

Sasa mashua ya kijana wetu. Mkono: fundi wa mashua ameshuhudia. Kweli: mzigo umezidi nyuma, na watu wamekaa juu ya magunia. Sisi wa Kisangani twajua ni wangapi waliopanda vyombo vya namna hiyo wasifike. Mchoro ule ulikuwa onyo, ingawa haukuwa na neno hata moja. Mahali: barabara iendayo mtoni, ambako wasafiri hupita na mabegi yao. Alichagua vema kuliko mimi ambaye ningemwambia achore daftarini. Kosa lake lilikuwa moja, nalo lilikuwa la kweli: hakuomba, na chokaa ile ilikuwa jasho la akina mama. Kosa hilo lilistahili adhabu. Lakini kosa langu lilikuwa kuadhibu kabla ya kusoma.

Mwenye ukuta naye ana wajibu

Huenda mwenye ukuta akasema: "Ukuta ni wangu, naufuta nikitaka." Nasikia. Lakini sikiliza habari ya New York. Huko Queens palikuwa na majengo ya kiwanda yaliyoitwa 5Pointz, ambayo mwenyewe aliwaruhusu wachoraji kuyachora kwa miaka mingi, hata watu wakaja kutoka nchi za mbali kuyaona. Alipotaka kuyabomoa ajenge nyumba za kupangisha, mwezi wa Novemba 2013 aliamuru kuta zipakwe rangi nyeupe usiku. Wachoraji 21 walimshitaki. Mwaka 2018 hakimu aliamua walipwe dola milioni 6.75 kwa kazi 45 zilizofutwa, na mwaka 2020 mahakama ya rufani ikakubali. Sheria ya huko haikumkataza kubomoa jengo lake. Ilimtaka awape wachoraji taarifa ya siku 90, ili waokoe wanachoweza, walau kwa kupiga picha. Yeye hakungoja.

Sisi hatuna sheria hiyo wala mamilioni hayo, wala mvulana wetu hakuwa amepewa ruhusa. Lakini akili ya siku zile 90 ni njema kwa kila mtu: mali ni yako, tena futa, lakini kwanza tazama, na mpe aliyefanya kazi nafasi ya kusema neno. Mimi sikumpa dakika tisa.

Jambo lililobaki

Baada ya maneno ya fundi nilimwita yule mvulana. Nikamwambia kwamba alikosa kwa kutoomba, na kwamba mimi nilikosa kwa kutotazama. Nikampa ukuta wa ndani wa chumba cha katekesimu, mita nne kwa mbili, achore apendavyo. Nilidhani atafurahi. Aliinamisha macho, akasema kwa heshima, "Asante, Mwalimu. Lakini ukuta wa ndani wasafiri hawatauona."

Nakiri kwamba neno hilo lilinishinda. Mimi nilikuwa nimempa ukuta kama mtu ampavyo mtoto pipi, ili anyamaze. Yeye alikuwa na habari ya kuwaambia watu wanaopanda mashua. Tukiwapa vijana kuta zilizojificha, halafu tukawalaumu kwa kuandika zilizo wazi, tumewajibu swali ambalo hawakuuliza.

Basi nimelipeleka shauri hili kwa halmashauri ya parokia: kwamba kipande kimoja cha ukuta wa nje, karibu na lango, kitengwe, kwamba mchoraji alete kwanza karatasi yenye mchoro wake, tuutazame na tujadiliane naye, kwamba kikichorwa kibaki mwaka mzima, na kwamba yeyote atakayeandika nje ya kipande hicho apake ukuta wote kwa chokaa aliyoinunua mwenyewe. Wengine wanakubali. Mzee mmoja anasema tukifungua mlango huo kesho tutakuta matusi. Mama mmoja, aliyechota maji siku ile ya chokaa, aliuliza kama kijana aweza kuichora ile mashua tena, kwa kuwa yeye hakupata kuiona. Shauri halijakatwa.

Wasomaji wapenzi, nilianza na swali, sanaa au uharibifu. Jibu langu ni hili: uliza kwanza ukuta ni wa nani, nawe usilipinde jibu kwa sababu picha ni nzuri. Kisha uliza picha inasema nini na imesemwaje, nawe usilipinde jibu kwa sababu ukuta ni wako. Anayejibu maswali yote mawili, kila moja mahali pake, hatakuwa mwizi wa kuta wala mfutaji kipofu. Nami ninapoandika haya ukuta wetu wa shule ungali mweupe, na kila nipitapo hutafuta kwa macho mahali ilipokuwa mashua.